Nyumba Zisizo na Moshi: Uhakiki wa Kijiji cha Makumbusho na wa Mswada Wangu Mwenyewe

Najua ukurasa huu ni wa uhakiki wa vitabu. Safari hii ninachohakiki si kitabu, ni kijiji. Kipo Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Bagamoyo, kama kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, na kinaitwa Kijiji cha Makumbusho. Nitakihakiki kwa njia ileile tuliyofundishwa sekondari: mandhari, wahusika, fani na maudhui. Kisha nitauhakiki mswada wangu mwenyewe, kwa sababu niliingia pale nikiwa nimeubeba kwapani, na nilipotoka nilikuwa nauonea haya.

Nianze na huo mswada, ili mjue nilifikaje pale.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Nilimaliza kidato cha nne nikapata matokeo ya kumfanya mzazi anyamaze, na tangu hapo mchana nakaa kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, usiku naandika riwaya. Nimeiandika miaka mitatu. Inahusu ukoo mmoja wa Ugogo, toka enzi za babu mpaka vijana wa leo. Sura ya kwanza ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Humo nimeieleza nyumba ya tembe, nguzo kwa nguzo, kurasa 11. Washikaji niliowasomea walisema, "Kaka, hii ndiyo fasihi." Mimi nikaamini.

Mwezi wa nane nikapanda treni ya umeme, hii iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nikaenda kufuata jibu kwa mhariri mmoja niliyekuwa nimempelekea mswada miezi sita kabla. Mwenyewe hakuwepo. Bahasha yangu ilikuwa mapokezi, imefungwa kwa mpira. Nilikaa kwenye ngazi za jengo nikaifungua. Hakukuwa na barua. Pembeni mwa ukurasa wa 9, kwa penseli, palikuwa na maneno haya tu: "Nyumba nimeiona. Nani anaishi humu?"

Basi. Miaka mitatu, jibu ni mstari mmoja wa penseli! Nilikasirika, jamani, nisiwadanganye. Treni ya kurudi ilikuwa ya jioni na sikuwa na ndugu wa kumwendea mjini. Nikapanda daladala ya kwanza iliyosimama mbele yangu, konda anaimba, "Makumbusho! Makumbusho! Makumbusho mwisho wa gari!"

Neno hilo wakazi wa Dar wanalisikia kila siku. Kijiji kimekipa jina kituo cha daladala, na kituo kimekuwa maarufu kuliko kijiji. Niliwauliza watu wawili niliokaa nao kama wamewahi kuingia ndani. Dada mmoja akasema alipelekwa na shule akiwa darasa la tano. Kijana mwenzake akacheka, akasema siku zote alijua ni jina la stendi tu. Nikaona hapo kuna jambo. Mahali palipojengwa ili patukumbushe, sisi tunapakumbuka kwa sababu ya kubadilisha gari.

Mandhari

Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1966 na kipo chini ya Makumbusho ya Taifa. Wazo la kuhifadhi nyumba nzima mahali pa wazi, badala ya vitu kwenye kabati la kioo, si letu peke yetu. Mfano wake mmoja uko Sweden, ambako Artur Hazelius alifungua Skansen jijini Stockholm mwaka 1891. Yeye aliona viwanda na miji vinameza maisha ya vijijini kwao, akahamisha nyumba za wakulima toka sehemu mbalimbali za nchi akazipanga juu ya kilima cha mjini. Sisi tulianza miaka mitano tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Taifa lilikuwa changa, linajitengenezea picha ya familia, na makabila yakaitwa yote yakae kwenye picha moja.

Unalipa kiingilio (mzalendo analipa kidogo kuliko mgeni wa nje), unaingia, na njia za mchanga zinakupeleka nyumba hadi nyumba chini ya miti. Kuna msonge wa Wahaya, nyasi toka kileleni mpaka karibu na ardhi, ukiwa mbali utadhani ni kofia ya jitu. Kuna msonge wa Wachaga, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Kuna ya Wanyakyusa, iliyojengwa kwa mianzi. Kuna ya Wazaramo, ya miti na udongo, na hii ndiyo iliyonichekesha kidogo: Wazaramo ndio wenyeji wa ardhi ile ile ya Dar es Salaam. Nyumba yao haikusafiri popote, ipo kwao, lakini nayo imekuwa ya kutazamwa kama mgeni, huku majirani wa nje ya ua wanaishi chini ya bati.

Upande wa mandhari, mimi mhakiki nakipa kijiji alama za juu. Kwenye vitabu vya shule nyumba hizi zote ni michoro ya ukubwa mmoja, kila kabila na kisanduku chake. Pale unaijua nyumba kwa mwili wako. Mlango wa msonge unakuinamisha utake usitake. Nje jua la Dar linachoma, ndani kuna giza na ubaridi, na unangoja kidogo mpaka macho yazoee ndipo uone hatua yako. Sisi tunaoandika "aliingia ndani ya nyumba" halafu tukaendelea na hadithi, twendeni tukainame kwanza.

Wahusika

Hapa ndipo tatizo linapoanza. Vyungu vipo, vinu vipo, vitanda vipo. Mtu hayupo. Mafiga yamepangwa vizuri na hapana jivu. Kinu kimesimama, lakini hakuna aliyeudhika akakitwanga kwa hasira. Kitanda kipo, lakini huwezi kujua nani alinyimwa nafasi juu yake.

Nilizunguka hivyo mpaka nikafika kwenye tembe. Wasioijua niwaambie: ni nyumba yetu sisi watu wa kati, ndefu, ya chini, paa lake ni bapa, limetandazwa fito na kufunikwa udongo. Nilisimama mbele yake nikatoa mswada wangu, nikafungua sura ya kwanza, nikaanza kulinganisha kama mwalimu anayesahihisha. Nguzo, ndiyo. Fito, ndiyo. Udongo wa paa, ndiyo. Nilikuwa nimepata kila kitu. Nikafurahi, nikasema moyoni yule mhariri hajui anachokisema.

Mzee mmoja anayeongoza wageni akanisogelea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unasahihisha mtihani, kijana?"

Nikamweleza. Akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Dodoma. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Umetoka Dodoma kuja kutazama tembe Dar es Salaam!"

Tulikaa kivulini. Nikamwuliza kazi gani ni ngumu kuliko zote pale. Nilidhani atasema wageni. Akasema kazi ngumu ni nyumba zenyewe. Miti, nyasi na udongo vina umri. Mvua ya pwani, mchwa, fukufuku, vyote vinakula. Kila baada ya muda lazima ukarabati, na mara nyingine ujenge upya.

"Lakini huko kijijini kwetu nyumba kama hizi zilidumu," nikasema.

"Kwa sababu ya moshi," akajibu. "Mwanamke akipika ndani kila siku, moshi unapanda kwenye nyasi na kwenye miti. Wadudu hawaupendi. Nyumba yenye moto inakaa. Nyumba isiyopikiwa inaliwa upesi."

Aliyasema kama mtu anayeeleza bei ya misumari, wala hakuwa na habari kwamba ananifundisha fasihi. Mimi nilikaa pale nimeshika kurasa zangu 11. Nilizipitia tena toka mwanzo. Hakuna aliyepika. Katika tembe langu lote hakuna moto uliowashwa, hakuna mtoto aliyelia, hakuna mtu aliyekohoa.

Fani

Alasiri walipiga ngoma. Kikundi kilikuwa hodari, sina neno baya juu yao. Sindimba niliyoiona pale ilinifanya nisahau hasira za asubuhi. Wanafunzi wa shule waliojaa benchi walishangilia, wageni wakapiga picha, kisha ikaja ngoma ya kabila jingine, kisha nyingine. Nilichokikosa ni sababu. Ngoma huchezwa kwa jambo fulani: mavuno, jando, arusi, ugomvi uliokwisha. Pale sababu ilikuwa saa ya alasiri.

Lazima nitende haki. Watu wa Makumbusho wanalijua pengo hili kuliko mimi niliyekaa saa chache. Wamekuwa na utaratibu wa kuandaa siku za utamaduni, ambapo watu wa jamii moja hualikwa waje wenyewe na vyakula vyao, ngoma zao na wazee wao. Siku kama hizo nadhani kijiji kinapata moshi. Na nani atailaumu nyumba ya maonyesho kwa kuwa ya maonyesho? Yenyewe imeahidi kutuonyesha nyumba, na nyumba imetuonyesha. Mwenye deni ni yule aliyeahidi riwaya.

Maudhui

Sasa niseme jambo ambalo mabango hayalisemi kwa sauti. Kijiji hiki kilianzishwa 1966. Azimio la Arusha likaja 1967. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaja Operesheni Dodoma, na mwaka 1973 ikatangazwa nchi nzima kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri. Familia nyingi za Ugogo ziliacha matembe yao na kwenda kujenga nyumba zilizopangwa mistari kando ya barabara. Kwa hiyo katika miaka ileile, tembe lilikuwa linatunzwa Dar es Salaam na linaachwa Dodoma. Sisemi hivi ili nimkejeli mtu. Mama yangu alisoma kwa sababu shule ilikuja karibu na kijiji kipya, na bila yeye kusoma mimi nisingekuwa na kalamu. Nasema kwa sababu hapo pana riwaya nzima, na mimi mwenye mswada wa ukoo wa Ugogo niliipita nikihesabu fito.

Tatizo si langu peke yangu. Ndugu zangu wa jarida hili, tusameheane. Hebu fungueni matoleo yetu ya nyuma. Kijiji kwetu ni aya ya kwanza: jogoo anawika, umande unameta, bibi asiye na meno anakaa jikoni na hadithi. Aya ya pili mhusika anapanda basi kwenda mjini, na kijiji hatukioni tena mpaka afe mtu. Tunakiweka kama kibao cha kuonyesha kwamba mhusika ana asili. Bibi huyo hana deni, hana mtu anayemchukia, wala hajawahi kumpenda mwanamume ambaye siye babu. Ni kinu kilichosimama.

Mtu aliyetuonyesha njia tunaye, ila tunamwogopa kwa sababu kitabu chake ni kinene. Namsema Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, akitaka mila za watu wake zisipotee. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Alingoja miaka 35. (Nilipopiga hesabu hiyo, penseli ya mhariri wangu ilianza kunipungukia uchungu.)

Kitereza naye ameandika makumbusho, tena makubwa. Mna kilimo, uvuvi, dawa, maamkizi, ujenzi. Lakini tazameni anavyofanya. Myombekere na mkewe hawana mtoto, wakwe wanamrudisha binti yao kwao, na mume akitaka kumpata tena lazima apeleke pombe. Kwa hiyo tunapofundishwa namna ya kutengeneza pombe ya ndizi, hatujifunzi upishi tu. Tunamtazama mtu anayepika ili arudishiwe mke. Ikiharibika, ameharibikiwa. Nilikisoma kitabu hiki nikiwa kidato cha tatu kwa kurukaruka, nikitafuta "mila na desturi" za kujibia mtihani. Nilipita juu ya mume mwenye majonzi nikaenda kunakili viungo vya pombe. Ndiyo maana nikaja kuandika tembe lisilo na mtu.

Nilivyorudi nyumbani

Nilifika Dodoma usiku. Jumamosi iliyofuata nikaenda kijijini kwa bibi yangu mzaa mama. Ana miaka themanini na kitu, kichwa chake kizima kuliko cha kwangu. Kwa miaka mitatu nilikuwa naandika juu ya tembe, na yeye aliolewa na kuzaa ndani ya tembe, na sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa nimesoma vitabu. Nilikuwa nimetazama picha. Naona aibu kuliandika hili, lakini ndiyo kweli.

Nikamwambia, "Bibi, nimeona tembe Dar es Salaam."

"Linavuja?" akauliza.

"Sijui, bibi. Nilikwenda kiangazi."

"Basi hujaliona, mume wangu."

Kisha akaanza kusema, na hakunyamaza mpaka kuku wakalala. Paa la udongo, alisema, linataka kuangaliwa kabla ya masika. Unapanda juu, unatafuta nyufa, unaongeza udongo. Udongo walibeba wanawake, vichwani. Juu ya paa hilo hilo ndiko walikoanika mtama na mboga za kukausha, na watoto walitumwa kulinda. Babu alikuwa na wake wawili, jambo ambalo mama hakupata kunisimulia vizuri. Mwaka mmoja udongo ulikuwa mchache na mvua ilikuwa mlimani tayari inaonekana. Babu akaamuru upande wa mke mdogo uzibwe kwanza, kwa kuwa alikuwa na kichanga. Upande wa bibi ukavuja usiku kucha, kwenye gunia la mbegu. Asubuhi bibi hakusema neno. Alichukua mbegu zilizolowa, akazitwanga zote, akazipika, akawaalika watu wa nyumba nzima waje wale, babu akiwa wa kwanza. Wakala. Ndipo akawaambia kwamba wamekula shamba la mwaka ule.

"Babu alifanyaje?"

"Alinyamaza. Halafu akaenda kukopa mbegu kwa kaka yangu, ambaye alikuwa hasemi naye."

Walipohamishiwa kijiji kipya, waling'oa nguzo zilizokuwa bado nzima wakaondoka nazo. Bibi anasema nguzo za upande wake zilikuwa zimeoza kwa ule mvujo, hivyo nyumba yake mpya ilikawia kujengwa. Mpaka leo, nusu karne na ushei, hajamsamehe babu, na babu ameshazikwa. Alipofika hapo alicheka, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniambia nikamfungie mbuzi.

Wasomaji wangu, hayo yote yalikuwa kwenye udongo wa paa. Mimi kwenye ukurasa wa 4 nilikuwa nimeandika: "Paa lilikuwa la udongo."

Kurasa zile 11 nimezichana. Sura ya kwanza sasa inaanza na mwanamke amesimama juu ya paa, ana karai la udongo, anatazama mawingu, na anajua udongo hautoshi. Nguzo na fito bado zipo, ila msomaji anaziona pale anapozikanyaga yule mwanamke. Nimemaliza sura mbili. Mswada haujarudi kwa mhariri yule, lakini utarudi, na nitamshukuru kwa ile penseli.

Hukumu yangu basi kama mhakiki ni hii. Kijiji cha Makumbusho ni mahali pa kwenda, tena msiende kwa kupitiwa kama mimi. Hasa ninyi mliozaliwa Manzese na Tandale, ambao kijiji mnakijua kwa picha za msibani. Lipeni kiingilio, inameni mlangoni, ulizeni maswali, wale wazee wanajua mengi kuliko mabango. Lakini msitoke pale mkaenda moja kwa moja kwenye karatasi. Pitieni kwanza kwa mtu aliyelala humo. Kama bibi yako yupo, nenda wiki hii. Muulize paa lilivuja upande gani na nani alilowa, halafu majibu yaleteni hapa kwenye ukurasa wetu. Mimi nitakuwa wa kwanza kuyasoma.